Sinia Moja, Mikono Mingi: Kumlisha Mtoto Mwenye Mzio wa Vyakula

Katika miji yetu ya pwani mtoto mdogo halishwi na mama yake peke yake. Asubuhi hulishwa na bibi, mchana na dada anayebaki naye nyumbani, alasiri na jirani aliyechoma vitumbua. Siku ya Alhamisi maalim humgawia biskuti pamoja na wenzake madrasa, na katika safu ya futari mzee asiyemjua hata jina humtia tende au kaimati mkononi. Ukarimu huo ni katika mambo mema tuliyorithi. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye mzio wa vyakula, kila mkono katika mikono hiyo ni mkono unaopaswa kujua. Mmoja tu usiojua unatosha kumfikisha hospitali, na pengine asirudi.

Makala haya yanawahusu watoto hao, na hasa wale ambao mzio wao si wa chakula kimoja bali wa viwili, vitatu au vinne, nao juu ya hayo wana pumu, ukurutu au maradhi ya damu. Wapo katika mitaa yetu, na wengi hawajulikani. Huambiwa kuwa ni watoto wachaguzi wa chakula, au kwamba mama yao anawadekeza, au kwamba wana jicho.

Mzio ni kosa la ulinzi wa mwili. Mwili umeumbwa kupambana na vijidudu vinavyouingilia. Kwa mtoto huyu, ulinzi huo hukidhania chakula cha halali na kizuri kuwa ni adui, ukakishambulia. Ni daktari Clemens von Pirquet wa Vienna aliyebuni mwaka 1906 jina ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa hali hii, na ambalo hata sisi hulitamka tunaposema aleji. Dalili zake huja mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: mabaka yanayowasha kama aliyeguswa na upupu, midomo na kope kuvimba, kutapika, kukohoa, kukoroma kifuani. Jambo la kulishika hapa ni kwamba wingi wa chakula si kipimo. Tone la maziwa lililobaki kwenye kijiko laweza kufanya kazi ya kikombe kizima.

Watu wengi huuchanganya mzio na hali nyingine, ile ya tumbo kushindwa kumeng'enya sukari iliyo katika maziwa. Huyo mwenye tumbo zito la maziwa hujaa gesi na kuharisha, akipewa kidogo huenda asisikie kitu, na hafi kwa hilo. Wakubwa wengi miongoni mwetu tuko hivyo. Ndiyo maana bibi husema kwa nia safi kabisa: "Mjukuu wangu, onja kidogo tu, hata mimi maziwa hunisumbua lakini nakunywa." Bibi anazungumzia jambo moja, na mtoto ana jambo jingine.

Vyakula vinavyoleta mzio mkali kwa watoto vinajulikana: maziwa, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, na ufuta. Ndugu msomaji, hebu pita na orodha hiyo katika jiko la mswahili. Ngano imo katika maandazi, chapati, sambusa na tambi. Yai limo katika katlesi na mkate wa kumimina, na mara nyingine limepakwa juu ya mkate ili ung'ae. Karanga zimo katika kisamvu, mchicha na kashata. Biriani, ambayo mtu huidhania ni wali na nyama, nyama yake imelazwa katika mtindi. Samli ni maziwa. Mafuta yaliyokaanga samaki mchana ndiyo yanayokaanga viazi vya mtoto jioni, na kikaango cha chipsi mayai hakioshwi kati ya mteja na mteja. Katika vyakula vya pakiti, maziwa huandikwa kwa majina kama kasini na wei, na mzazi asiyeyajua husoma pakiti nzima akaamini kuwa hamna maziwa.

Kati ya vyote hivyo, kinachotaka maneno zaidi ni uji wa lishe. Mama anaambiwa mtoto hakui, anakwenda sokoni na kuchanganyiwa mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, kisha vyote vinasagwa pamoja. Kwa mtoto mzima ni uji wa kawaida. Kwa mtoto ambaye hajajulikana ana mzio wa kitu gani, bakuli hilo ni fumbo: akivimba midomo, ni kipi katika saba kilichomvimbisha? Basi kwa mtoto anayeanza kula baada ya miezi sita, na hasa mwenye ukurutu, ni bora nafaka moja kwa siku kadhaa, kisha nyingine, ili kila chakula kijieleze chenyewe. Tena iko mashine ya kusaga. Mama makini anapeleka mahindi matupu, lakini aliyemtangulia alisaga mchanganyiko wenye karanga, na unga wa kwanza unaotoka hubeba mabaki ya mwenziwe. Zipo familia ambazo zimekaa miezi zikitafuta kinachomuumiza mtoto ndani ya nyumba, kumbe kiko mashineni. Mwenye uwezo na asagie nyumbani; mwenye kinu, kinu cha mtoto huyu kisitwangiwe karanga.

Na tukiwa katika maziwa, niseme jambo ambalo husikika sana hapa Tanga, mji unaojulikana kwa ng'ombe wake wa maziwa. Mtoto akidhurika na maziwa ya ng'ombe, shauri la kwanza la majirani ni kumhamishia kwenye ya mbuzi. Protini za maziwa hayo mawili zinafanana mno, kiasi kwamba watoto walio wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi vilevile. Si mbadala salama. Maziwa ya mama hubaki kuwa chakula bora. Iwapo daktari ataona kwamba mtoto anadhurika kwa kile mama anachokula, mama ataambiwa aache maziwa kwa wiki chache kisha ayarudie ili ijulikane. Hataambiwa akatishe kunyonyesha.

Mizio inapokutana na maradhi mengine, hesabu hubadilika. Pumu isiyodhibitiwa ni miongoni mwa mambo yanayoufanya mzio wa chakula uue. Mtoto wa namna hii hatakiwi kuwa na pampu ya pumu nyumbani huku yeye yuko madrasa. Ukurutu mkali kwa mtoto mchanga mara nyingi ndio utangulizi wa mzio wa vyakula, kwa sababu ngozi iliyochanika hupitisha chembe za chakula na kuufundisha mwili uadui. Mtoto mwenye selimundu anahitaji chakula kingi zaidi kuliko mwenziwe wa rika lake, kwani mwili wake hutengeneza damu mpya bila kupumzika, na anahitaji maji mengi. Huyo akiondolewa maziwa, mayai na karanga bila kupewa badala, anaumizwa mara mbili.

Yako pia maradhi yanayofanana na mzio na si mzio. Watoto wengine, wa kiume hasa, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hali hiyo huonekana zaidi kwa watu wa nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwamo, na Oman pia. Kwa hao, zile baghala zinazopikwa ful huweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu: macho yakawa manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mtoto akapauka na kuchoka. Hapa kwetu ful si chakula cha kila siku, lakini familia zenye ndugu Muscat au Dubai hukutana nacho mezani asubuhi, na mtoto akipelekwa likizo ni vema mwenyeji aambiwe. Mtoto huyo pia asipewe dawa yoyote ya malaria bila tabibu kuijua hali yake, na vidonge vyeupe vya kuhifadhia nguo visiwekwe kabatini mwake.

Sasa tuingie katika kosa ambalo, kwa maoni yangu, linawadhuru watoto wetu zaidi kuliko mzio wenyewe: kuondoa chakula bila kuweka kingine. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, walieleza habari za mtoto wa miezi 22 aliyepatwa na kwashakoo katika nchi tajiri. Wazazi wake hawakuwa na njaa wala ufukara. Walidhani maziwa hayamfai, wakampa kinywaji cha mchele kilichofanana na maziwa kwa rangi, na protini yake ilikuwa chache mno. Hapa kwetu kinywaji hicho kina ndugu yake, nao ni tui la nazi. Tui ni zuri, lina mafuta yanayompa mtoto nguvu, na walio wengi hawadhuriki nalo. Lakini protini yake ni chache, na mama anayelimimina katika chupa badala ya maziwa anampa mtoto weupe tu.

Badala halisi zipo, na nyingi ziko sokoni kwetu. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu, vikichemshwa hadi kulainika na kupondwa, hubeba protini ya mtoto asiyekula yai wala samaki. Mahali pa mzio wa karanga, wazazi huogopa kunde zote kwa kuwa karanga nazo ni za ukoo huo. Hofu hiyo ina msingi wa elimu ya mimea, lakini watoto wengi wenye mzio wa karanga hula maharage bila madhara, na si haki kuwanyima kwa dhana. Nyama ya ng'ombe, kuku na maini kidogo vina madini ya chuma. Parachichi na mafuta ya alizeti huongeza nguvu katika uji. Na kuhusu kalsiamu, nafaka ya kutazamwa ni ulezi: gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300, ilhali maziwa ya ng'ombe kwa kiasi hichohicho yana kama 120. Kweli mwili haufyonzi yote ya ulezi kwa urahisi. Ndiyo faida ya kimea. Ulezi ukilowekwa, ukachipuzwa, ukaanikwa na kusagwa, madini yake hufunguka. Tena kijiko cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo huufanya uji uwe mwepesi, kisha ukachemshwa tena, hata mtoto akameza kwa bakuli moja chakula ambacho kingemtaka mabakuli mawili. Bibi zetu walikijua kimea kabla ya maziwa ya kopo kufika madukani.

Kadi ya kliniki ndiyo shahidi. Mtoto aliyeondolewa vyakula viwili au zaidi apimwe uzito na urefu kila mwezi, na mstari ukilala, mzazi asingoje mwezi wa tatu. Na vyakula visiondolewe kwa kauli ya jirani, wala kwa karatasi ya kipimo peke yake. Kipimo cha ngozi au cha damu kinaweza kuonyesha kwamba mwili unakitambua chakula, na mtoto akakila bila kudhurika. Nimeona karatasi yenye vyakula 14 vilivyokatazwa. Mtu mzima angeshindwa kuishi kwa kilichobaki. Anayeweza kuamua ni tabibu anayeuliza: alikula nini, kiasi gani, baada ya muda gani kikatokea nini, na je, ilitokea tena? Mama akienda na daftari lenye majibu ya maswali hayo, amefanya nusu ya kazi.

Mambo ya jiko yana dawa yake. Ya watu ni magumu zaidi. Mama wa mtoto wa miaka minne katika jamaa ya msikiti wetu, mwenye mzio wa maziwa, mayai na karanga na pumu juu yake, alileta kwa kamati barua ya kumtoa mwanawe madrasa. Ilinifikia mimi kwa kuwa ndiye katibu. Hakulalamika. Aliandika tu kwamba mara mbili mtoto amerudi amevimba, mara ya kwanza kwa kipande cha kashata alichopewa na rafiki yake, na ya pili hakijulikani kilichomvimbisha; na kwamba yeye sasa haendi tena kwenye shughuli, kwa sababu akikataa chakula kwa niaba ya mtoto huonekana anajivuna, na akikaa kimya hapati utulivu.

Katika kikao, mzee mmoja tunayemheshimu aliuliza kama ni insafu kuwanyima watoto zaidi ya sitini kwa ajili ya mmoja. Mwingine akasema mtoto afundishwe kupiga bismillahi vizuri, chakula hakitamdhuru. Bismillahi ni ya lazima kwetu sote, na haimzuii mtu kushika sababu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamuru waja wajitibu. Na ilipoletwa mbele yake nyama ya kenge wa jangwani, yeye hakuila, akasema kwamba haikuwa chakula cha watu wake, na Khalid bin Walid akaila papo hapo naye akimtazama. Hakuna aliyelaumiwa, si mla wala asiyekula. Kama mtu mzima aliyebora kuliko sote aliweza kuacha chakula pasipo kuvunja heshima ya mwenyeji, mtoto mwenye udhuru wa maradhi ana haki zaidi.

Mweka hazina ndiye aliyelimaliza kwa hesabu. Fedha zinazonunua kashata na biskuti hununua ndizi, machungwa na mihogo ya kuchemsha, na hakuna mtoto atakayelala njaa kwa hilo. Ikakubaliwa kwamba mgao wa Alhamisi usiwe na karanga, maziwa wala mayai. Mtoto anakaa na wenzake, hakutengwa kwenye kona. Ila ana sahani yake yenye kifuniko. Watoto wote wananawa kwa sabuni kabla ya kula na baada yake, kwani maji matupu hayaondoi karanga vidoleni. Na maalim mmoja, si wote kwa pamoja ambapo huwa si yeyote, ameshika karatasi yenye jina la mtoto, vyakula vyake, dalili, nambari ya simu ya mama, na mahali pampu ilipo. Barua ya mama aliiondoa mwenyewe.

Ikitokea ajali, mambo ni machache na hayana subira. Mtoto aliyekula chakula cha mzio wake, akaanza kukoroma, kupoteza sauti, kutapika mfululizo, kulegea au kusinzia ghafla, anahitaji sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje, na anaihitaji sasa. Vidonge vya mzio ambavyo wengi huviita piritoni hutuliza muwasho. Havifungui koo wala haviinui msukumo wa damu. Kalamu za adrenalini za kujichoma mwenyewe ni adimu kwetu, lakini dawa yenyewe katika vichupa si ghali. Mzazi aende leo, kabla ya shida, katika zahanati na kituo cha afya kilicho karibu, aulize kwa uwazi: adrenalini ipo, na usiku ipo? Akijua ilipo hatapoteza dakika kumi kwenye lango lisilo sahihi. Njiani mtoto alazwe, miguu iinuliwe; akishindwa kupumua aketishwe, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Akipata nafuu asirudishwe nyumbani papo hapo, maana dalili huweza kurejea baada ya saa kadhaa.

Na asipewe maziwa. Ninalisema peke yake kwa sababu mila yetu ni kwamba aliyekula kitu kibaya hunyweshwa maziwa ili yakate sumu. Mzio si sumu, maziwa hayaukati, na kwa mtoto ambaye maziwa ndiyo adui yake, mwokozi huyo atakuwa amemaliza kazi iliyoanzwa.

Ramadhani ikikaribia, watoto hupenda kujizoeza saumu pamoja na kaka zao, na wazazi hufurahi. Mtoto hajakalifishwa saumu kabla ya baleghe. Mwenye selimundu, kwa ukosefu wa maji peke yake, anaweza kuamshwa na maumivu ya mifupa usiku huohuo. Apewe kazi nyingine ya futari, kama kutandika mkeka na kugawa maji, naye atajiona yumo.

Kwa wenye watoto wachanga ambao bado hawajaonyesha lolote, elimu imebadilika. Zamani wazazi waliambiwa waicheleweshe karanga miaka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 kutoka London, uliofuata watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, ulipima waliolishwa karanga tangu utotoni dhidi ya walionyimwa. Walipofika miaka mitano, kati ya kila mia ya walionyimwa, kama 17 walikuwa na mzio wa karanga. Kwa waliolishwa, kama 3. Karanga hizo huwa zimesagwa zikawa laini na kuchanganywa katika uji, kamwe si punje nzima, ambayo humkaba mtoto. Na mwenye ukurutu mkali aanze kwa ushauri wa daktari.

Waliokwisha kuwa na mzio nao hawakufungiwa mlango wote. Mzio wa maziwa, mayai na ngano huwaacha watoto wengi kadiri wanavyokua. Wa karanga, korosho na samaki hukaa zaidi. Kuujaribu ni kazi ya hospitali, dawa ikiwa tayari mkononi, wala si ya shangazi siku ya Idi. Mzazi amwombe daktari miadi ya kumpima tena kila mwaka, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki.